Kutengeneza Cherehani ya Mama Mkwe kwa Masikio

Kibomet, Kitale

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo ya Mama mpelekee kabla hujaendelea kusoma, maana wewe ukishashika barua hunyanyui kichwa. Goti limepoa? Dawa ile unaimeza au unamficha Mama? Nimeona bora niandike, kwa sababu kwenye simu mimi napiga kelele hadi majirani wanatoka nje, na wewe huko Malindi unajibu "Eeh, eeh" tu, na najua hujasikia hata neno moja.

Sisi huku ni wazima. Baridi ya Kitale bado sijaizoea. Asubuhi navaa sweta mbili na watu wananicheka. Wananiita Fundi wa Mombasa. Nimewaambia mimi ni wa Malindi mpaka nimechoka; kwao ukishatoka Pwani wewe ni wa Mombasa tu, basi.

Kazi ipo, tena ya kutosha. Cherehani za huku zina ugonjwa mmoja mkubwa, nao ni mafuta ya kupikia. Mtu akisikia mashine yake inalia, anaingia jikoni, anachukua chupa na kumimina. Siku chache inateleza vizuri, halafu yale mafuta yanaganda na kuwa gundi, na mwenyewe anakuja kuniambia imekufa. Mimi naifungua, naiosha kwa mafuta ya taa, naipangusa kila tundu, kisha naipa mafuta yake halali tone kwa tone kama ulivyonifundisha. Jioni nikifunga kibanda huwa nakaa na moja ya zile za zamani, naikanyaga bila uzi wala kitambaa, nasikiliza tu. Nekesa anasema wanaume wengine husikiliza mpira.

Sasa nikupe habari yenyewe. Unakumbuka nilikwambia kwamba mama mkwe wangu kule Kamukuywa ana cherehani ya miguu, ya zamani sana? Ilikuwa imelala chumbani kwake muda mrefu bila kushona hata kifungo. Basi baba mkwe, Mzee Wafula, alikutana na mwenye hoteli mmoja wa hapa mjini anayetafuta miguu ya chuma ya mashine za zamani. Anaiwekea mbao juu, inakuwa meza ya wateja. Kichwa cha mashine yeye hana haja nacho. Wakapatana aje kuichukua Jumamosi. Mama mkwe hakulala. Alitoa sharti moja tu: ikishona mshono ulionyooka kabla ya Jumamosi, haiguswi na mtu.

Nekesa akanitazama. Nikajua nimeshaajiriwa.

Lakini Baba, kuna shida ambayo huwezi kuiona ukiwa huko. Hata kwetu mkwe anaheshimiwa, lakini huku wameifunga heshima hiyo na kufuli. Tangu nimuoe Nekesa sijawahi kushikana mkono na mama yake. Hatukai chumba kimoja, hatutazamani, na akija njiani mmoja wetu anachepuka kwenye mahindi. Chumbani kwake ndiyo kabisa, hata kuchungulia ni aibu ya ukoo mzima. Siku hiyo tulikuwa kwao, nikasema basi mashine itolewe nje. Mama mkwe akakataa, na sauti yake niliisikia kutoka kule jikoni: "Nekesa, ambia bwana yako ati hiyo mashini haitoki kwa hii nyumba. Ikivuka mlango, babako atasema imeshaenda!"

Ikawa mgonjwa yuko ndani na daktari haruhusiwi kuingia. Nilimwomba Nekesa aisugue vumbi, anieleze umbo lake na kuninakilia namba iliyochongwa kwenye bamba. Nikaenda nayo kwa Mzee Harbans, yule Singasinga mwenye duka la vipuri hapa Kitale. Aliisoma namba, akavua miwani, akacheka. "Fundi, hii ni ile ya bobini ndefu! Babangu ndiye alikuwa anauza hizi. Usibadilishe kitu hapo, bana. Osha tu." Akanipa chupa ya mafuta na sindano za akiba. Kwa hesabu yake, mashine hiyo imezaliwa kabla ya Mzee Wafula.

Ijumaa tukateremka Kamukuywa. Mzee Wafula mwenyewe ndiye aliyeamua kesi, na ingawa ndiye muuzaji, aliamua kwa haki. "Ukuta ni ukuta," alisema. "Fundi akae nje, apatie dirisha mgongo, na mama akae ndani. Hakuna kitu imeharibika." Nikawekewa kigoda chini ya dirisha la chumba. Nekesa akasimama mlangoni awe mjumbe wetu. Mimi namsikia mama mkwe vizuri kabisa, naye ananisikia, lakini kila neno lazima lipite kwa Nekesa. "Mwambie mama akanyage." "Mama, anasema ukanyage." "Ambia yeye nakanyaga." "Anasema anakanyaga." Nasikia, jamani, nasikia!

Hatujafika mbali, maharagwe yakaanza kuungua jikoni na Nekesa akakimbia. Ndani mtu akakohoa. Mimi nikakohoa. Kulikuwa na kuku mwekundu anaparura karibu na kigoda changu.

"Wewe kuku," sauti ikasema kutoka ndani. "Wewe kuku hapo inje. Uliza fundi kama niendelee ama niwache."

Baba, nilimtazama yule kuku, naye akanitazama. Nikasema, "Kuku, mwambie Mama akanyage mpaka ishike kasi, halafu anyanyue miguu yote miwili, tusikilize."

Akakanyaga, akanyanyua. Gurudumu likasimama pale pale. "Kuku, umesikia? Mashine safi ukiiacha huendelea kuzunguka yenyewe kidogo. Hii imeshikwa na gundi. Muulize Mama ilitiwa mafuta gani."

"Ambia yeye si mimi! Ni mzee. Aliweka ile ya kupikia, ati ananisaidia."

Upande wa pili wa boma nikasikia Mzee Wafula akijifanya anaita ng'ombe.

Nikaweka mafuta ya taa na vitambaa kwenye kizingiti cha dirisha, nikasogea kando, mkono ukavichukua. Nikaokota unyoya uliokuwa umeanguka hapo chini nao nikauweka, maana unyoya unaingia pale kidole hakifiki. Mama mkwe akaosha, akatia mafuta ya Mzee Harbans, mimi nikimwelekeza kuku. Nekesa aliporudi alitukuta katikati ya mazungumzo, akacheka mpaka akakaa chini. "Nyamaza," mama yake akamwambia, "tuko kazini."

Alasiri gurudumu lilianza kuzunguka lenyewe, laini, likanong'ona. Nikafurahi kabla ya wakati. Alipotia kitambaa, uzi ukakatika. Akatia tena, ukakatika tena, na safari hii nikasikia mlio mdogo, tik, kila sindano inaposhuka. Wewe siku hizi, kwa kuwa masikio yamechoka, ungeweka kiganja juu ya mashine na kujua. Mimi nilikuwa na masikio tu na ukuta. Nikafumba macho. Tik. Tik. Kitu kilikuwa kinagusa kitu. Nikauliza kama sindano ni ile ya zamani, nikaambiwa hapana, jirani aliiweka mpya, na tangu hapo ndipo mashine ilipokataa kazi.

Basi hapo nikapumua. Sindano ina upande mmoja bapa, na upande huo lazima uelekee kule kinakopita kile kifuko cha bobini, ile ya uzi wa chini, chenye umbo la mtumbwi. Jirani aliigeuza, uzi ukawa unapitia upande usiofaa. Watu walikuwa tayari kuigeuza mashine meza ya chipsi kwa sababu ya sindano iliyotazama nyuma! Nikamwambia kuku, kuku akamwambia mama, sindano ya akiba ikawekwa vizuri.

Mlio ulipotea. Mashine ikaimba, nami nilikuwa nimeushika ukingo wa kigoda kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Kisha mkono ukatokea dirishani, ukaacha kipande cha kanga kizee na kurudi ndani. Mshono ulikuwa umenyooka mwanzo mpaka mwisho. Baba, machozi yalinilenga, sikufichi.

Jumamosi mwenye hoteli akaja na pikapu. Aliposhuka tu alikutana na sauti ya mashine kutoka chumbani, na nakuhakikishia mama mkwe hakuwa anashona kitu chochote cha maana, alikuwa anatoa tangazo. Mzee Wafula alimpokea kwa chai. "Si unasikia mwenyewe? Iko na kazi," akamwambia. "Miguu zake bado zinatembea, ndugu yangu. Rudi tu pole pole." Mgeni akaondoka na mkungu wa ndizi aliopewa, na hakukasirika sana.

Salamu zangu zifike kwa Mama, na umwambie mchuzi wa nazi wa huku ninaujaribu lakini nazi zenyewe zinafika zimechoka. Msalimie dada yangu Dama na watoto wake, mjomba wangu mvuvi, shangazi wa Watamu asiyekubali kwamba Kitale iko ndani ya Kenya, na jirani yako kinyozi. Nekesa anawaamkia nyote kwa heshima.

Sasa ndipo ufungue kifurushi kilichokuja na barua hii. Juzi Nekesa alirudi kutoka kwao na mfuko kutoka kwa mama yake. Ndani mlikuwa na mashati mawili, na moja ni langu. Hakuna aliyenipima, Baba, na mama mkwe hajawahi kunitazama, hivyo ndivyo tunavyosema sote. Lakini mabega yamekaa, na mikono imeishia pale pale inapotakiwa kuishia. Hilo la pili ni lako. Aliuliza, kupitia Nekesa, kama nimefanana nawe, nikajibu kwamba mabega ni yale yale, tumboni aongeze kidogo. Usinune, ni kweli.

Livae Jumapili, umwambie Dama akupige picha aitume kwenye simu ya Nekesa. Mimi nimeshapigwa yangu. Mama mkwe ndiye aliyeziomba zote mbili. Anasema mkwe hatazamwi, lakini picha si mkwe, na ataitazama mpaka achoke.

Mwanao anayekupenda na kukukumbuka kila anaposhika bisibisi,

Karisa