Kiti cha Mbele cha Jeep ya Umeme

Butembo, Jumatano

Kwako yaya Syauswa, mkubwa wangu,

Amani ya Bwana iwe nawe. Natumaini umefika Beni salama na mgongo haukuumi baada ya njia ndefu hiyo kutoka Kampala. Nimemwomba tante Gracieuse, shangazi yetu unayefikia kwake, asikupe barua hii mpaka uwe umezima jeep na umekula. Huku baridi imezidi, watoto wangu wamepona malaria, nami nipo.

Tangu uliposema unatuletea jeep ya umeme, nyumba yetu haikutulia. Baba alimwaga sementi uani, akaezeka mabati juu yake, akamwita fundi Urbain avute waya mpaka hapo. Kila Jumamosi alifagia mahali pa gari ambalo halijafika. Alitangaza mtaa mzima kwamba halina kelele, hata majirani wakamuuliza mbuzi wao watajuaje kukimbia. Akawajibu, “Nitaweka kengele, mbuzi yenu itazoea tu!” Yeye na Mama waligombana kweli juu ya kiti cha mbele. Mama alidai ni chake kwa sababu ndiye aliyekuzaa. Baba aliapa kwamba hakungoja maisha yake yote ili aangalie barabara kutoka nyuma.

Kisha ukatuambia ya douane, ule ushuru wa forodha, kwamba jeep haitatoka mpakani Kasindi tusipochangia. Nilimwambia Baba auze mikalitusi ya mlimani, ile aliyoipanda tulipozaliwa. Alikataa katakata. Alisema miti hiyo ni ya kujengea nyumba za wajukuu, si ya kulipia magurudumu. Akaongeza kwamba kakao yake ya shamba la Mabalako imeiva, bei ni nzuri, ataenda kuivuna mwenyewe. Unajua kwa nini watu wameyakimbia mashamba yale. Nilimkatalia, Mama akalia, naye akasema wengine wanaenda na wanarudi. Aliuza magunia ya kwanza, akatuma pesa kwa Kamate anayekusaidia mambo ya forodha pale mpakani. Kisha akarudi shambani kumalizia.

Yaya, kaa chini. Baba hayuko tena. Wale waasi wa porini walimkuta shambani Ijumaa, wakamuua. Vijana wa Mabalako walimbeba kwa pikipiki mpaka Beni, na yuko hapo morgue, chumba cha maiti cha hospitali, si mbali na unapokaa sasa. Kila ulipopiga simu nilikuongopea kwamba yuko shamba na hakuna rezo ya simu. Wazee walikataza kumwambia habari ya kifo mtu aliyeshika usukani. Nina hasira na jeep yako, yaya. Nina hasira na wewe pia, na bado bega ninalotaka kulilia ni lako.

Wajomba walitaka kukodi gari la kumleta Baba nyumbani. Mama akakataa, alisema mzee alilipia jeep yake, atakuja nayo. Kaburi limechimbwa karibu na mikalitusi. Mama yuko hapo hapo kwa tante, katika chumba cha nyuma. Amekusikia ukiingia, lakini hajui aanzie wapi. Nenda kwake kwanza. Kesho mkunje viti vya nyuma, mje na msafara wa asubuhi unaosindikizwa na askari, na usikimbize. Mama atakaa mbele.

Watoto wanakusalimu sana, na majirani wote wanakupa pole. Mahali pa gari nimepafagia.

Mdogo wako akupendaye,
Kavuo