Orodha ya Vipande Viwili

Rumonge, 14 Septemba 2003

Kaka yangu Hadji,

Assalam aleikum, na salamu za amahoro kutoka nyumbani. Natumai barua hii itakufikia hapo kambini Kibondo ukiwa mzima, na ule mguu uliokuwa ukikusumbua umetulia. Sisi hatujambo. Mama bado anagombana na wauza ndagala wa ziwani, na mawese ya mwaka huu ni mazuri.

Najua unajiuliza kwa nini hatukukutafuta. Barua zako, kama uliandika, hazikufika. Boti lenu lilipopigwa risasi mbele ya Minago, Februari mwaka jana, wawili waliopona walituambia umezama. Mama alikataa kulia. Alisema tungoje orodha ya wakimbizi walioko Tanzania. Kama haumo, hapo atakubali tusome khitma, roho ya mutoto wake ipumzike. Na kuleta orodha hiyo ilikuwa kazi yangu, katika ile ofisi ya misaada iliyoniajiri.

Nikueleze, maana kazi hii huijui. Orodha inakaa kwenye kompyuta ya Bujumbura, nami naivuta kwa laini ya simu. Laini ikikatika katikati, sianzi upya. Naiambia ile kompyuta kwamba nimeshapata herufi laki mbili, inipe kuanzia hapo hadi mwisho. Inatii, tena kila mara inanitajia ukubwa wa orodha nzima. Naunganisha vipande, nachapa, naenda kusoma kwa sauti sokoni.

Siku moja ya Oktoba mwaka jana laini ilikatika kwa saa tatu nzima. Wakati huo mtu wa Bujumbura aliondoa majina ya waliorudi makwao, na majina yote ya chini yakapanda. Nilipoomba kuanzia palepale nilipoachia, jina lako lilikuwa limeshapanda juu ya alama yangu. Kipande cha kwanza hakikulifikia, cha pili kikaliruka. Nilisoma mpaka mwisho, Mama akakaa chini vumbini. Tukakusomea khitma, na mkeo Kaoutar akakaa eda.

Tangu hapo nilivuta majina mapya tu. Juma lililopita niliivuta orodha yote, na laini haikukatika. Nikaliona jina lako, la baba na la babu, na tarehe uliyoandikishwa: Agosti 2002.

Kaka, kompyuta ilinionya. Kati ya kipande na kipande, ukubwa wa orodha ulikuwa umepungua. Nilizisoma namba zote mbili, nikajua si orodha ileile tena. Ilinipasa niitupe nivute yote upya. Lakini mafuta ya jenereta yalikuwa yanaisha na watu wananingoja sokoni, nikajiambia kama kuna majina yamepotea, yatakuwa ya wengine.

Kuna na jingine, mkono unakataa kuliandika. Eda ilipokwisha, wazee walisema mjane wako asitoke nje ya ukoo. Nimemwoa mimi, tangu Aprili. Ana mimba. Sijui nifanye nini, sijui hata nikuombe nini. Tangu juma lililopita nalala ofisini, na Kaoutar ananiuliza amenikosea nini.

Hapa ndipo ningekuandikia salamu za Mama na za mkeo. Hakuna hata mmoja wao anayejua kwamba nakuandikia.

Mdogo wako,
Abdoulkarim