Kidude cha Upepo Kilikuwa Kinasema Kweli

Mama yangu mpenzi,

Mwajuma ameingia sasa hivi kwenye beseni la mashuka na nguo zake zote, akakaa, akapiga maji kwa viganja mpaka karatasi hii ikalowa. Nimemtoa, analia anataka kurudi. Maji ya moto, mama! Ndiyo habari yenyewe, lakini kwanza shikamoo. Magoti yanasemaje? Mvua imefika huko Mkata, au bado mnatazama mawingu yakienda kwa wenzenu? Sisi hapa Ngombezi wazima, tunakula, tunalala.

Unajua hapa gesti ninapofanya kazi wanafikia wanunuzi wa katani tangu serikali ifungue biashara kwa watu binafsi, na hao hawakosi kuulizia maji ya moto. Mama mwenye gesti akanunua hita ya gesi. Ni sanduku jeupe. Ukifungua maji inajiwasha yenyewe, na ndani ina feni ya kutoa moshi nje kwa bomba. Imefungwa chumba cha kufulia, humu humu Mwajuma anamolala mchana nikifua.

Wiki iliyopita ikagoma. Feni inaunguruma, halafu kimya, moto hakuna. Wageni wawili wakahama. Mama mwenye gesti akasema, "Mama Mwajuma, anayeishika hita hii ni wewe tu. Ikifa, mimi na wewe basi." Nikajiona nimeshafunga mizigo.

Akaitwa Fundi Mbwana kutoka Korogwe mjini. Akaifungua, akatuonyesha kidude cha duara chenye mrija mwembamba wa mpira. Kazi yake kupima upepo: feni isipovuta moshi vizuri, kinaizuia gesi isiwake.

"Kimekufa," akasema. "Naunga nyaya zake, naweka dairekti, iwake bila kupimwa upepo, mnaoga leo leo."

"Na moshi je?" nikamuuliza.

"Moshi utajijua."

"Mwanangu analala humu, fundi. Kama kazi yake ni kukataa, si labda kinasema kweli?"

Akacheka. "Wewe gesi umesomea wapi?"

"Brashi," nikamjibu, maana nimefanya kazi miaka miwili pale kiwandani wanaposugua katani kwa mashine.

Mama mwenye gesti naye akacheka, lakini akamwambia akipime kwanza. Fundi akauchomoa mpira, akapuliza taratibu. Tik! Akapuliza tena. Tik! Kidude kizima.

"Basi feni imechoka," akasema, "na feni mpya mpaka Dar es Salaam. Kwa sasa dairekti tu."

Akaizungusha feni tuisikie. Mama, sauti ile naijua. Ndivyo inavyolia mashine ya brashi singa, zile nyuzi za katani, zikiizonga ekseli: inazunguka lakini kama imebeba mzigo. Nikakumbuka Ijumaa niliisugua hita ile kwa dodoki la katani, kama tunavyosugua masufuria, ing'ae. Na ilikuwa inawaka, feni inavuta.

Nikamtazama Mwajuma amelala kwenye kanga pale chini. Nikasema, "Ni mimi. Niliisugua kwa katani, imevuta singa. Fungua feni."

Hakuna aliyecheka. Fundi akafungua. Singa zimejiviringa kwenye ekseli, zimekaza. Akaanza kuvuta.

"Usivute, unazikaza! Lete wembe." Nikazikata kwa urefu wa ekseli, kama tulivyofanya kule brashi, zikaachia zote kwa mara moja.

Akarudisha kila kitu, akaenda nje kushika kipande cha gazeti mbele ya bomba la moshi. "Fungua maji!" Nikafungua. Gazeti likapepea mpaka likamtoka mkononi. Ndani, tik! Moto ukashika, vuu!

Mimi nasubiri hukumu ya mama mwenye gesti. Akasema, "Dodoki la katani nisilione tena humu. Na hita hii asiiguse mtu mwingine ila wewe." Na fundi, mtu mzima yule, akaniambia, "Bi Brashi, leo umenisomesha."

Sirudi, mama. Nimebaki, na kazi imeongezeka heshima!

Nisalimie baba, na kaka anayekusomea barua hii, asiruke mistari. Bibi msogelee sikio lile linalosikia, umwambie kitukuu wake anaoga maji ya moto kama waziri. Idi nikipewa ruhusa tutakuja, umwone alivyo...

Naitwa, mama. Mgeni wa chumba cha tatu anauliza kama hita inalia sawa, na mama mwenye gesti anamwambia asubiri, mwenye kuijua ni...