Kwa Mama Ukungu, na kwa Wanaovuta Dawa kwa Mdomo

Mwaka umezunguka tangu utuache, mwanangu, na bado nikisikia mlango asubuhi nadhani ni wewe unawahi kulisha ukungu wako.

Uliupenda ule ukungu wa ute kuliko usingizi. Uliuokota chini ya majani yaliyooza, ukaulea kwenye visahani kule maabara, mpaka baba yako akakuita Mama Ukungu, nawe ukaitika. Nilikuuliza unautafutia nini. Ukaniambia, "Mama, nautilia dawa yenye sumu. Unaokufa, ufe. Ule sugu ndio naufuatia ukoo, nijue usugu umeurithi kwa nani." Ukasema hata jeni zina koo, zina mashangazi na binamu, na wewe unazichorea ramani, kila moja inakaa wapi. Nikakutania, "Ukoo wa ukungu unaujua wote, wa kwetu utauongeza lini?" Ulicheka mpaka ukaweka kikombe chini.

Uliosha vyombo vya wenzako bila kuombwa. Mgonjwa wa jirani ulimjua kabla yangu. Ila haraka, mwanangu. Haraka ilikuzidi.

Mpira wa kuvutia dawa kwenye mrija ulikuwepo pale mezani, wenzako walinieleza. Ukaona unakuchelewesha, ukavuta kwa mdomo kama mtu anayevuta soda, dawa ikakufika kooni. Ukatema, ukasukutua, ukaendelea na kazi. Nyumbani ulitapika, ukaniambia ni chakula. Daktari alipokubana ndipo ukasema kweli, na maji yalishamwagika. Mwili wa mtu hauna usugu ule.

Siandiki haya kukuaibisha. Mdogo wako amepewa meza yako, aimalizie ramani. Juzi nilimwambia, "Tumia mpira, mama." Akanijibu, "Mama nawe, ule mpira mpaka uvute, jua limezama. Mimi najipima." Nimechoka kubishana na watoto walionizidi kusoma. Basi namwambia hapa gazetini, mbele za watu, maana jikoni hanisikii: dada yako naye alijipima. Na ninyi mnaofanya naye kazi, mkimwona ameinamia mrija, mnyang'anyeni. Akinuna, semeni mmetumwa na mama yake.

Unakumbukwa na baba yako, bibi yako, mjomba wako, mdogo wako, na mimi mama yako.

Hatukusahau, wala hatutakusahau. Ila ukurasa huu wa kumbukumbu za marehemu, naomba usipokee tena picha kutoka nyumba yetu.