Kaka, Ile Dawa ya Matairi Haikuniua

Kaka yangu Aloyce,

Jumamosi iliyopita Mama Shayo, jirani yetu anayeuza vitunguu soko la Taveta, ng'ambo ya mpaka, aliingia uani bila hata kupiga hodi. Alikuja moja kwa moja kwangu, akanishika mashavu kwa mikono miwili, akasema, "Nimemwona kaka yako. Ameniuliza kaburi la Yosefina liko upande gani wa kihamba chenu cha migomba."

Kaburi langu, kaka! Nilikuwa nimeshika ungo wa maharage. Yote yakamwagika chini. Mama Shayo anasema ulikuwa umekaa juu ya tela la shamba la mkonge, na kabla hajakujibu trekta likaondoka. Amerudi siku ya soko iliyofuata, hukuwepo. Anwani yako hatuna. Ndiyo maana nakuandikia hapa gazetini, wasome watu wote, pengine mmoja atakufikishia.

Miaka kumi na moja niliambiwa ulivuka mpaka wa Holili kwenda kutafuta kazi. Jumamosi hiyo ndipo mama alipokaa kwenye kigoda akaniambia ukweli.

Unakumbuka asubuhi ile ulipoyajaza maji matairi? Shamba la ngano lilikuwa limetoka mikononi mwa serikali, likakodishwa kwa tajiri wa Moshi, nawe ukapewa trekta kuukuu. Kule juu karibu na msitu lilikuwa likiteleza mteremkoni na jembe lake, matairi ya nyuma yanazunguka tu. Siku moja liliserereka nusura liingie korongoni. Ukaenda Njoro, mjini Moshi, kwa Fundi Jaspal, yule mzee wa kisingasinga, ukarudi na madumu ya dawa ya kijani.

Nilikuwa na miaka tisa, shule imefungwa, nimekung'ang'ania hadi ukanichukua. Majani yalikuwa meupe kwa umande ulioganda, yakilia chini ya viatu vyangu. Ulilipiga jeki trekta, ukazungusha gurudumu mpaka vali ikawa juu, ukanipa nishike mpira wa maji unaotoka kwenye pipa.

"Kwani tairi linakunywa maji, kaka?"

"Linakunywa ili liwe zito, lishike ardhi. Ila baridi ya huku itayagandisha, yapasue tyubu. Ndiyo maana tunachanganya na hii dawa ya rejeta."

"Si ungetia chumvi?" Nilijiona mjuzi kweli.

"Fundi anasema chumvi inakula rimu. Hii haili chuma. Lakini ni sumu, Yose. Tamu, lakini sumu. Usiiguse."

Uliniambia, kaka. Nataka kila anayesoma hapa ajue kwamba uliniambia.

Miezi ikapita nikasahau. Siku tairi lilipopata pancha, trekta likiwa nyumbani, uliyamwaga yale maji kwenye pipa na ndoo mbili nyuma ya jiko ili uyarudishe baada ya kuziba, ukaenda kuazima kiraka. Nikatoka shule na kiu. Niliona maji ya kijani, nikadhani mama ametengeneza juisi ya sherehe ya Komunyo ya Kwanza ya binamu yetu. Nikachota kikombe. Utamu wake naukumbuka hadi leo.

Yaliyofuata nimeyasikia kwa mama. Kwamba ulinikuta kando ya ndoo nikiyumba kama mlevi, nacheka na kutapika. Kwamba ulinibeba mgongoni, ukakimbia hadi barabarani, ukasimama katikati ya njia mbele ya lori la viazi, dereva akafunga breki akikutukana. Kwamba hospitalini Moshi, daktari alipouliza nimekula nini, wewe ndiye uliyesema, "Amekunywa dawa ya rejeta. Ni yangu. Niliiacha wazi."

Halafu daktari akaagiza pombe kali. Mama, ambaye hajawahi kukosa Misa, alidhani daktari amerukwa na akili. "Mtoto analewa, wewe unamwongeza pombe?" Daktari akamweleza kwamba pombe ndiyo inayoizuia ile sumu isiharibu figo. Wakanipa kwa mpira wa puani huku mama akisali rozari na kulia.

Asubuhi nilikuwa sijaamka. Na hapo mlangoni mwa wodi baba alikwambia maneno ambayo mama aliyatamka kwa kunong'ona, kama vile baba bado yupo na atamsikia: "Umeniulia mtoto. Nisikuone tena." Ukaweka kofia yako kwenye benchi, ukaondoka.

Niliamka kesho yake mchana, kaka. Niliomba uji.

Daktari alimwita baba pembeni, akamwambia, "Huyu angetibiwa malaria na angekufa. Kilichomwokoa ni yule kijana kusema kweli bila kujificha." Mama anasema baba alitoka mbio, akaenda stendi, kisha akaenda Holili, akauliza kwa madereva na kwa wabeba mizigo. Alirudi baada ya siku tatu, viatu vimepasuka. Akavuka tena mwaka uliofuata, na mwingine. Nyumbani alimkataza mama kulitaja jambo lile mbele yangu. Mwaka jana tulimzika. Siku zake za mwisho aliniita nikae kando yake, akanitazama usoni muda mrefu. Nilidhani ni ugonjwa. Sasa nadhani alikuwa akikutafuta usoni mwangu, maana watu husema mimi na wewe tunafanana.

Nimemkasirikia. Nimekukasirikia na wewe pia, kwa kutoandika hata mstari mmoja. Kisha nawaza umelala miaka yote hiyo na mimi nikiwa maiti kichwani mwako, hasira inaniishia.

Mimi ni mzima. Figo zangu ni nzima. Nasomea ualimu, na nimeanza kunenepa kama shangazi.

Nilimuuliza mama nikuandikie nini kwa niaba yake. Alikuwa akimenya ndizi, hakuinua kichwa. "Mwambie nampa hadi mavuno ya kahawa. Asipokuja nitapanda basi la Holili mwenyewe, na nitamwita kwa jina sokoni mbele ya watu wote."

Unamjua mama. Atafanya.

Ni mimi, mdogo wako wa mwisho, niliye hai,
Yosefina