Maumivu Yaliyomrudisha Mdogo Wangu

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie, na ukiweza unisaidie upesi, kwa kuwa mimi ni kikongwe niliyefanyiwa upasuaji wa moyo mwaka huu na sitaki kuingia kaburini na uongo mdomoni, mimi niliyekuwa mkalimani wa mahakama na kufasiri viapo vya watu mpaka nikastaafu.

Upasuaji ulikwenda salama, mfupa wa kifua wakaufunga kwa waya, nikarudi nyumbani na mto mdogo wa kukumbatia ninapokohoa, nikaambiwa nisinyanyue ndoo wala kusukuma mlango mzito, na yote nikayashika, lakini baada ya majuma machache yakaanza maumivu upande wa kushoto wa mshono, kama mtu ananibana kwa kibanio cha nguo kisha anaachia, yanakuja nikiwa nimelala au nimekaa, sikuyaelewa, nikadhani ndiyo safari yenyewe, basi nikampigia simu mdogo wangu, ambaye tulikuwa hatusemezani miaka mingi kwa sababu ya cherehani ya marehemu mama, ambayo hakuna kati yetu anayejua hata kuitia uzi, nikamwambia, "Njoo tuagane."

Alikuja jioni ileile na begi la nguo chache, akasimama mlangoni amenuna. "Haya, nimekuja. Unakufa lini?"

"Ingia kwanza, unaniingizia mbu."

Tukacheka mpaka nikaukamata mto, naye akasema, "Mkumbatie mumeo huyo, usije ukafumuka," na tangu siku hiyo mto anauita Shemeji, na hajaondoka. Mshauri, sijapata kufurahi hivi tangu utotoni! Tunalala chumba kimoja, tunagombania redio, ananisuka huku akilalamika kwamba nywele zangu zimebaki za kuazima, na kila Jumamosi ananisomea gazeti hili kwa sauti, maana kulikunjua kwa mikono miwili kunanivuta kifua, naye huanza na ukurasa wako, akiwagombeza wanaokuandikia: "Mjinga huyu! Si aseme tu!"

Sasa nakiri. Kliniki sijawaambia lolote kuhusu maumivu haya, na mdogo wangu nimemdanganya kwamba nimewaambia na wamejibu hakuna la kufanya, nipumzike tu na ndugu zangu, kwa sababu naogopa wakiyapima wakakuta ni jambo dogo atafunga begi aende zake, na wakikuta ni kubwa watanilaza, nitamkosa vilevile. Juzi yalinibana katikati ya kicheko, nikayameza nisimkatishe hadithi. Nifanye nini? Naandika haya akiwa bafuni, na bado anaimba.

Mkalimani Mstaafu

*

Shikamoo mama. Pole kwa kifua, hongera kwa mdogo wako, na huo uongo umeniudhi. Ungeandika namba ya simu, ningekupigia dakika niliyofungua bahasha.

Mimi si daktari. Maumivu ya mtu aliyepasuliwa kifua yanaweza kuwa mfupa unaounga au misuli, na yanaweza kuwa moyo wenyewe. Huwezi kuyajua kwa kuyasikiliza kitandani, na daktari hawezi kupima kitu alichofichwa. Umekaa mahakamani miaka yote hiyo, unajua kesi inavyoharibika shahidi akimeza nusu ya maneno. Na ukimfia mdogo wako mikononi, kisha akagundua ulinyamaza ili abaki, atabaki na nini? Cherehani?

Tena unamdharau, mama. Aliyekuja kuaga huaga akaondoka. Anayegombania redio amehamia.

Nenda kliniki leo, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Waeleze yalianza lini, hukaa kwa muda gani, unakuwa unafanya nini, na kama yanapanda hadi kwenye taya au kushuka mkononi. Yakija pamoja na kukosa pumzi, jasho baridi au kizunguzungu, usingoje mtu amalize hadithi wala wimbo: hospitali, saa hiyohiyo.

Nilitaka kukuambia umweleze mdogo wako ukweli, lakini naona umekwisha kumweleza. Ulijua ni nani atakayekusomea barua hii. Nadhani ndiyo sababu uliituma kwangu.

Basi wewe unayesoma kwa sauti, ndiyo, wewe uliyekuwa ukiimba bafuni, sasa umesikia. Najua una maneno mengi ya kumwambia, utamwambia njiani. Weka gazeti chini. Mvalishe dada yako viatu, mfungulie mlango asiusukume, na Shemeji yako mwende naye.

Begi lako liache hapo lilipo.