Kompyuta ya Dirishani Iliyotukataa

Songea

Baba mpendwa,

Shikamoo. Assalaam aleikum. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila baridi ya huku inanivalisha masweta mawili. Goti la Mama linaendeleaje? Mikorosho imeshaanza kutoa maua hapo Nakapanya?

Uliniuliza kwenye simu, "Mwanangu, hasa unafanya kazi gani huko chuoni?" Nikacheka tu. Leo nakujibu.

Chuo kina kompyuta kumi na mbili. Zamani kila moja ilitunza majina na maneno ya siri yake. Mwanafunzi akihama kiti, hajulikani. Mwalimu Komba, mkuu wangu, akanipa kazi ya kuziunganisha na mashine moja kuu itakayomtambua kila mtu. Jumanne asubuhi, kompyuta kumi na moja zilikubali. Ya dirishani ikakataa, hata jina langu mimi fundi.

Nikabadilisha waya, nikaizima na kuiwasha. Wapi! Anjelina, mwanafunzi wa uuguzi, alikuwa amesimama nyuma yangu. Ripoti yake ya mwisho ilikuwa humo, na ilitakiwa saa sita mchana.

"Ifute yote, tuanze upya," Mwalimu akasema.

"Na ripoti yangu?" Anjelina akauliza.

Nikaomba nusu saa. Mwalimu akatoka. Anjelina akainama kwenye kioo.

"Dada, mbona hapa panasema saa mbili na robo? Si saa tatu sasa?"

Baba, kumbe ilikuwa saa! Betri ndogo ya ndani inayoendesha saa ilikuwa imechoka, saa ikabaki nyuma. Mashine kuu haimwamini yeyote ambaye saa yake inapishana na yake zaidi ya dakika tano, asije mwizi akanasa maombi ya zamani ya mtu ya kuingia na kuyarudia kama yake. Nikaizima, nikairekebisha saa kabla haijawaka kabisa. Anjelina akaandika jina lake. Ikafunguka! Alikimbia na ripoti bila hata kuaga.

Mimi nikabaki. Nikairudisha saa nyuma dakika nne: ikakubali. Sita: ikakataa. Mwalimu akanikuta.

"Umeiharibu tena?"

"Nataka kuona tu, Mwalimu. Na aliyegundua ni Anjelina, siyo mimi."

Akavuta kiti. "Hebu jaribu tano kamili."

Tulijaribu mpaka adhana ya adhuhuri, na mpaka leo tunabishana kama tano kamili inakubalika au la.

Nisalimie Bibi, shangazi wa dukani na kaka na mkewe. Mwambie Mama asiache kukanda lile goti.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Mwanaidi